Yutiliti au Haibridi: Kikapu Changu cha Fimbo Nne

Juzi kijana mmoja alinisimamisha sokoni Kilindoni, mimi nina fungu la samaki mkononi na jua linanichoma. "Kaka Mshamu, mgeni wangu amebakiwa na nafasi moja tu kwenye mfuko wake wa gofu. Nimwambie aweke yutiliti au haibridi?"

Nikamuuliza, "Mgeni wako anapigaje?"

"Anapiga tu."

"Anacheza uwanja wa namna gani?"

"Wa nyasi."

"Upepo je?"

"Upepo upo."

Nikamwambia, "Nenda nyumbani, mwanangu, samaki wangu wataoza." Sasa nimekaa kuyaandika haya ili nisisimamishwe tena njiani. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtakaokuta herufi zimepinda, zinyoosheni wenyewe. Gofu sikujifunza darasani. Niliijua kwa bega, na bega lenyewe sasa limegoma, ndiyo maana mnaniona nyumbani saa za kazi.

Kwanza zijueni fimbo zenyewe. Yutiliti ni aini, yaani fimbo ya kichwa cha chuma chembamba. Mgongo wake umenenepeshwa kidogo ili imsamehe mpigaji, lakini ni aini vilevile: uso mwembamba, mpira unatoka chini, unapasua upepo na ukitua unakimbia. Haibridi ni mtoto wa aini na wudi, ile fimbo ndefu ya kichwa kinene. Uso kaurithi kwa baba, makalio kwa mama. Uzito wake uko nyuma na chini, kwa hiyo hata ukiupiga mpira vibaya kidogo, unapaa. Unapaa juu na kutua taratibu.

Wauzaji watawaambia haibridi imeiua aini ndefu. Waongo. Na wale vijana wenye misuli watawaambia haibridi ni fimbo ya wazee. Waongo zaidi.

Mimi niliingia kazi hii kwa kufukuzwa baharini. Nilikuwa mvuta juya, ule wavu mkubwa wa kukokota. Hifadhi ya bahari ilipokuja, juya likapigwa marufuku, na sitasema lilikuwa halali, maana lile kokoro lilikuwa linakomba hata vidagaa visivyojua kuogelea. Ninayemlaumu ni tajiri wetu, Saidi Mabruki, mwenye nyavu. Alijua siku ya msako. Aliondoka asubuhi na boti kwenda Bara kumtazama mgonjwa, akatuacha sisi wavutaji tumesimama majini na kamba mikononi. Mgonjwa huyo hajapona mpaka leo, kwa sababu Saidi hajarudi. Namtaja hapa kwa jina lake lote, wajukuu zake wasome.

Basi nikabaki na mikono mikubwa na kazi hakuna. Kando ya ghuba palikuwa na hoteli moja, imechukua shamba la minazi lililochoka, wamefyeka chini, wamechimba mashimo sita, wakaliita uwanja wa gofu. Wakataka watu wa kubeba mifuko. Nikaenda. Siku ya kwanza nilipewa mfuko wenye fimbo kumi na nne nikadhani ni za wachezaji kumi na wanne.

Aliyenifundisha si Mzungu wala mtu wa Dar. Ni Bi Rehema, mama wa kisiwa cha Jibondo aliyekuwa akizitunza grini, zile sehemu laini zenye shimo na bendera. Uwanja wetu haukuwa na grini za majani, zilikuwa za mchanga ulioshindiliwa. Bi Rehema alizipiga reki alfajiri, anaimba, anatukana kaa, anaimba tena. Maji ya kumwagia alikuwa anayapima kwa kopo. Ukimwaga ovyo anakugeukia: "Kwetu maji huletwa na mashua. Wewe unamwaga kama baba yako ana mto?"

Mwanzo walizishika grini zile kwa mafuta machafu ya injini, mchanga usipeperuke. Watu wa hifadhi wakasema mafuta hayo yataingia baharini, yaondoke. Haki yao. Ndipo meneja wetu, Method, akaja na akili yake. Huyo Method mtamsikia sana humu. Ametoka Bara, kazi ya hoteli anaijua, sikatai, ila alikuwa na ugonjwa wa kutouliza. Akaamuru mchanga uchanganywe na machicha ya nazi. Eti yana mafuta, na nazi tunazo bure. Bi Rehema akamwambia, "Baba, machicha ni chakula." Method akasema, "Mama, fanya tu."

Asubuhi tukakuta grini ya pili ina kuku wa kijiji kizima. Grini ya nne siafu wamejipanga kama wanakwenda kuhiji. Mgeni mmoja anapata, yaani anausukuma mpira shimoni taratibu, jogoo akamtangulia, akaudonoa, ukaingia. Mgeni akauliza kama hilo ni pigo lake. Bi Rehema akasema, "Mwulize jogoo kama anadai."

Tangu hapo mchanga ukashindiliwa mtupu, ukawa mgumu kama sakafu. Na hapo ndipo somo lenu linapoanzia, vijana. Grini ngumu inataka mpira utoke juu. Mpira wa chini ukiikanyaga unakimbia mpaka vichakani. Kwa hiyo kabla hujachagua fimbo, jiulize mpira utatua wapi. Wengi wanatazama unapotoka tu.

La pili, tazama mpira umelalaje. Kwenye majani marefu yutiliti ni jembe. Uso wake mwembamba unanasa, unapinda mkononi, mpira unatoka umekasirika, unakwenda usikotaka. Haibridi ina tumbo la mviringo, inayateleza majani. Lakini kwenye ardhi kavu isiyo na jani, au juu ya tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, yutiliti ni tamu hasa, ukiupiga katikati. Usipoupiga katikati, utatetemeka mpaka meno.

La tatu, matawi. Uwanja wa minazi si mchezo. Haibridi inaupeleka mpira moja kwa moja penye makuti. Kuna mgeni mmoja, mtu mnene mwenye kofia ya ukili, aliipiga haibridi chini ya mnazi, mpira ukapanda, hatukusikia ukishuka. Nikaukwea mnazi. Nikaukuta ndani ya kibuyu cha mgema, unaelea kwenye tembo. Nikauliza toka juu, "Bi Rehema, nifanyeje?"

"Uangushe, lakini mimi siugusi mpaka uoshwe. Mpira umelewa huo!"

Pale yutiliti ingepita chini ya makuti bila kumsumbua mgema wa watu.

La nne ni mpigaji mwenyewe, na hili ndilo kubwa. Mpe mgeni wako aini namba tano, mwambie apige mara kadhaa, wewe kaa kimya utazame. Mipira ikipaa vizuri na kutua kwa adabu, mikono yake ina kasi, yutiliti itamtii. Ikitambaa kama panya, mpe haibridi na usimwonee haya. Tena kama mipira yake ina tabia ya kuvutika kushoto, mtahadharishe, haibridi itaivuta zaidi. Na asibebe zote mbili kama zinafika umbali mmoja. Hiyo ni sawa na kuvaa saa mbili.

Basi. Elimu yenyewe ndiyo hiyo. Sasa niwaambie jinsi ilivyonipata mimi mwenyewe, maana kumchagulia mgeni ni rahisi.

Hoteli ilitaka mwalimu wa gofu. Mmoja tu, wa kudumu, wa kuwafundisha wageni. Sisi makedi wengine, wabeba mifuko, tungebaki vibarua wa kuitwa mgeni akiwepo. Na miezi ya mvua kubwa wageni huwa hakuna, mnajua wenyewe. Kwangu mimi haikuwa suala la cheo. Juya lilikwisha, shamba la mzee wangu waligawana kaka zangu nikiwa majini, na mke wangu Siwema alikuwa ameshaanza kusema habari za kurudi kwao Bwejuu mpaka "mambo yako yatengemae." Nikikosa ile kazi, nimekosa na nyumba.

Method akatangaza kwamba makedi washindane, atakayeshinda ndiye mwalimu. Tukacheza wote, tukachujana, tukabaki wawili: mimi na Idi. Idi alikuwa kijana mwenye mikono myepesi, anapiga mpira unalia. Alikuwa ndiye anayembebea Method mfuko, na Method akitoa utani, Idi anacheka kabla haujaisha. Simlaumu. Kila mtu na juya lake.

Mashindano ya makedi yalikuwa na desturi yake. Hatukuwa na mifuko. Kila mmoja huchagua fimbo nne kutoka zile zilizoachwa na wageni, anaziweka kwenye kikapu cha ukindu, Bi Rehema anafunga kikapu kwa kamba na kukiweka kwenye banda lake la reki. Kikishafungwa hakifunguliwi mpaka uwanjani. Ukichagua vibaya, umechagua.

Nne tu. Pata lazima, la sivyo utasukuma mpira kwa nini? Weji, ya kuunyanyua mpira karibu na grini, lazima. Aini namba saba sote tuliichukua. Ikabaki nafasi moja ya fimbo ndefu, na stoo kulikuwa na yutiliti moja na haibridi.

Sote tulijua fimbo hiyo ni ya shimo gani. Shimo la sita, la mwisho, lilikuwa linavuka hori, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko. Unasimama huku, grini iko ng'ambo, nyuma tu ya maji, na nyuma ya grini ni michongoma. Sheria ya makedi ilikuwa kali: ukiuzamisha mpira majini, umeshindwa mchezo mzima. Ilitungwa hivyo kwa sababu hifadhi hawakutaka mipira ibaki baharini, na kila bamvua, maji makubwa ya mwezi, sisi ndio tuliokuwa tunaingia horini maji yakitoka, tunaiokota kama chaza. Maji yakiwa yametoka, hori ni mchanga tu, na hapo kila mtu, awe mgeni au kedi, huupiga mpira ulipolala.

Fainali ilipangwa asubuhi mapema. Nikahesabu: asubuhi kusi, upepo wetu, hajaamka, maji yamejaa, grini ngumu. Hapo ni haibridi bila kuuliza. Unapaa juu ya maji, unatua kwa adabu. Zamu ya kwanza kuchagua ilikuwa yangu. Nikachukua haibridi.

Idi akachukua yutiliti huku anatabasamu.

Nikamcheka. "Mdogo wangu, hiyo utaikimbiza mpaka michongomani."

"Tutaona, kaka Mshamu."

Bi Rehema alifunga vikapu, akaniangalia, akamwangalia Idi na tabasamu lake, akasema, "Huyu anacheka kama mtu aliyekwisha kula."

Asubuhi nikafika, nimeoga, nimevaa shati Siwema alilolipiga pasi. Nikampa Bi Rehema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia usoni. Method akaja na funguo zake kidoleni.

"Ratiba imebadilika, bwana. Kuna wageni wanataka uwanja asubuhi hii. Fainali ni baada ya adhuhuri."

Wageni gani? Uwanja ulikaa mtupu asubuhi nzima, hata kunguru hakupita. Baada ya adhuhuri kusi anakuwa ameshaamka, amekunywa chai, anapiga usoni kabisa kwenye lile shimo. Haibridi kwenye upepo ule ni tiara. Unaupiga, unapanda, unasimama hewani, unakurudia.

Nikamwambia Method, "Basi vikapu vifunguliwe, tuchague upya."

Akasema, "Desturi ni yenu wenyewe, Mshamu. Siyo mimi niliyeiweka."

Nimekutana na watu wabaya wengi, lakini mbaya anayeshika desturi yako na kukunyonga nayo, huyo ni Method. Nimeandika: Method, meneja. Akitaka kukanusha aje.

Nikaenda kukaa karibu na banda la reki. Bi Rehema akaendelea kupiga reki yake.

"Unakasirika?"

"Nisikasirike? Wamenifungia fimbo ya asubuhi nikacheze nayo mchana!"

"Wewe si mtu wa juya? Au juya lilikuvuta wewe?"

"Bi Rehema, sina nafasi ya utani."

"Basi endelea kuutazama upepo. Upepo hauna chini." Akanipa mgongo.

Nikatazama chini. Mwezi ulikuwa mpevu siku chache nyuma, bamvua halijafa. Asubuhi ile maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na maji yaliyojaa asubuhi, mchana yako wapi? Method alipoisogeza saa ili anipe upepo, aliyaondoa maji.

Tukacheza. Mashimo matano ya kwanza nisiwachoshe nayo. Alichukua yeye, nikachukua mimi, tukafika kwenye hori tuko sawa. Makedi wote walikuwepo, na wapishi wa hoteli, na Method na miwani yake. Kusi anavuma, makuti yanapiga kelele kama soko. Hori limekauka, mchanga unang'aa, kaa wanatembea.

Idi akatangulia. Nawaambia haki yake: lilikuwa pigo zuri. Yutiliti ililia, mpira ukatoka chini, ukaupasua upepo kama haupo, ukavuka hori lote. Watu wakapiga makofi. Ukatua kwenye grini. Ukaendelea. Ukapita bendera, ukapita grini, ukaingia michongomani na kunyamaza.

Zamu yangu. Nikafungua kikapu. Haibridi iko pale, inanitazama. Nikaiacha. Nikatoa aini saba.

Mpishi mmoja akapiga kelele, "Mshamu, hiyo haifiki!"

Nikasema, "Nani kakwambia inakwenda huko?"

Nikauweka mpira nyuma ya mguu wa kulia, nikaupiga nusu pigo, chini chini, mpaka katikati ya hori. Ukalala kwenye mchanga mgumu, ule mchanga wa katikati ambao nimeukanyaga mara nyingi nikiokota mipira. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikashuka. Humo chini, kati ya kingo na mikoko, hakuna upepo. Nikachukua weji, nikaunyanyua mpira taratibu. Kusi akaupokea juu, akausimamisha, akaudondosha karibu na bendera. Grini ngumu, lakini mpira unaoshuka wima hauna pa kukimbilia.

Idi alitoka michongomani na damu kwenye mikono, na mapigo mawili zaidi. Mimi nikapata mara moja, ukaingia, basi.

Bi Rehema hakupiga makofi. Alisema tu, "Umenikanyagia grini na miguu ya matope."

Jioni Idi alinifuata. "Kaka Mshamu, Method alinionya tangu juzi kwamba itakuwa mchana. Ndiyo maana niliichukua yutiliti."

"Najua."

"Sasa kwa nini sikushinda?"

Nikamwambia ninachowaambia ninyi. Fimbo iliyokufaa sana inakushawishi. Alikuwa na fimbo inayoweza kulivuka hori, basi akalivuka. Hakujiuliza kama kuna haja. Mimi ningekuwa nayo ile yutiliti, wallahi ningelivuka vilevile, na leo ningekuwa Bwejuu ninamwomba mkwe wangu chumba. Kwa hiyo mnaponiuliza ipi bora, nawajibu, lakini kumbukeni kwamba unayoiweka kwenye mfuko ndiyo utakayotaka kuitumia.

Kazi nilipewa. Method alinipa mkono mbele ya watu, mkono baridi kama pweza, na Siwema akafungua tena sanduku lake. Nilifundisha pale miaka mingi, mpaka warithi wa shamba walipogombana na uwanja ukarudi kuwa kichaka. Idi alikwenda Bara. Method akahamishwa. Niliwamaliza wote, kwa maana ya kubaki.

Lakini siku yangu ya kwanza ya ualimu, mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa nani? Method. Alikuja asubuhi, kusi bado amelala, maji yamejaa horini, na mfuko mpya begani. Hakutaja ya fainali. Alisimama tu, anachezea funguo.

"Haya, mwalimu. Nimebakiza nafasi moja. Nibebe ipi?"

Nikamwambia apige aini namba tano. Akapiga. Mpira ukatambaa kama panya. Akapiga tena, panya mwingine. Nikajua jibu palepale, na yeye hakulijua. Vijana, mkono wangu ulikwenda kwenye yutiliti. Ningempa ile, angeteseka nayo miaka, kila pigo linamtetemesha meno, kila mpira majini, na angedhani kosa ni lake. Hakuna mtu angejua. Hata Bi Rehema, pengine.

Nikampa haibridi.

Akapiga. Mpira ukapaa juu ya hori, mweupe, taratibu, ukatua kwenye grini na kukaa. Method akaruka, akanikumbatia, akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Mwalimu! Umeona? Umeona?"

Niliona. Na sijawahi kumchukia kama asubuhi ile. Nikaweka mpira mwingine mbele yake, nikamwambia, "Tena. Na safari hii usiinue kichwa."